Kikundi Kisipokuwa na Mchezo: Kusoma Upya Kitabu cha Fabian Kuhusu Mufwankolo

Utangulizi

Katika somo la tamthilia tumezoea kuanza na kitabu. Mwalimu huingia darasani, huwaambia wanafunzi wafungue onyesho la kwanza, na kazi huanza: maudhui, dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Muhula huisha, mtihani hufanywa na majibu husahihishwa bila mtu yeyote kuuliza swali moja dogo: waigizaji walikuwa wakifanya nini kabla ya onyesho la kwanza, na walikwenda wapi baada ya onyesho la mwisho?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kukisoma upya kitabu cha Johannes Fabian, Power and Performance, kilichochapishwa na University of Wisconsin Press mwaka 1990. Kitabu hiki kinahusu kundi la maigizo la Mufwankolo la mjini Lubumbashi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini sehemu yake kubwa ni maneno ya waigizaji wenyewe kwa Kiswahili cha mji huo, yakifuatwa na tafsiri. Kwa sababu hiyo kinatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Hoja yetu ni kwamba kikundi kidogo cha maigizo huishi muda mrefu zaidi bila mchezo kuliko kikiwa na mchezo, na kwamba muda huo ndio unaotengeneza lugha yake, wahusika wake na kuaminiana kwake. Kitabu cha Fabian kinatuonyesha nusu ya maisha hayo kwa namna ya pekee. Nusu ya pili kinaiacha. Kuhusu nusu hiyo ya pili, itabidi mwandishi wa makala haya akiri kosa lake mwenyewe.

Kundi na msemo

Fabian ni mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na baadaye katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Baadhi yetu tunamfahamu kwa kitabu chake cha 1986, Language and Colonial Power, kinachoeleza jinsi Kiswahili kilivyotumiwa na utawala wa Wabelgiji katika Kongo. Kundi la Mufwankolo lenyewe lilikuwa limekwisha kuvuta macho ya watafiti. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu juu yake mjini Vienna mwaka 1981. Nyumbani halikuhitaji watafiti ili lijulikane, kwani wakazi wa Lubumbashi waliwasikia na kuwaona waigizaji hao katika redio na televisheni.

Kisa cha kitabu kinaanzia mezani. Mwaka 1986, Fabian akiwa amerudi Lubumbashi, alikaribishwa chakula ambamo kulikuwa na kuku. Suala la firigisi likazuka, na pamoja nalo msemo wa Kifaransa usemao kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima. Msomaji wa Uganda hahitaji maelezo marefu hapa. Katika nyumba nyingi za kwetu firigisi ina mwenyewe, na anayeigusa bila idhini hutafuta maneno. Fabian alivutiwa na msemo huo, akaanza kuwauliza watu maana yake, wakiwemo waigizaji wa Mufwankolo. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Hatimaye kundi liliamua kuufanya msemo huo kuwa mchezo, na mchezo huo ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni kwa jina la Kifaransa la msemo wenyewe, Le pouvoir se mange entier, ijapokuwa waigizaji walizungumza Kiswahili.

Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Nchi iliitwa Zaire, mkoa uliitwa Shaba, na Mobutu alikuwa ametawala kwa zaidi ya miaka 20 akiwa na chama kimoja. Kucheza mchezo juu ya mamlaka yasiyogawanyika, tena katika televisheni ya serikali, halikuwa jambo la mzaha. Waigizaji waliupeleka mchezo wao kijijini, chini ya mtemi, mbali na mji na ikulu. Je, huko ni kuikwepa siasa au ni kuisema kwa mafumbo? Fabian anatuachia tuamue, na mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja mbinu ya wazee wetu ya kumsema mfalme kwa kumsema simba.

Kinachochapishwa na kinachotupwa

Upekee wa kitabu hiki uko katika uamuzi wa kuchapisha mambo ambayo kwa kawaida hutupwa. Kundi la Mufwankolo halikuwa na mswada wenye maneno ya kila mwigizaji. Lilianza na wazo. Wazo lilijadiliwa, likagawanywa katika vipande, nafasi zikagawiwa, kisha kila kipande kikajaribiwa kwa maneno ya papo kwa papo hadi kikashika. Fabian alikuwapo na kinasa sauti chake. Hivyo msomaji hapewi mchezo uliokamilika peke yake. Anapewa pia mazungumzo ya kuupanga na mazoezi ya kuujaribu.

Mwanafunzi aliyezoea tamthilia ya kitabuni atashangazwa na kurasa hizo. Atakuta watu wanaopendekeza na kupingana, na atakuta kipande kikisimamishwa ili mtu aelekezwe namna ya kuingia au ya kujibu. Akilinganisha mazoezi na onyesho lililorekodiwa, ataona pia kwamba maneno si yaleyale. Mwigizaji hakariri. Anachobeba kutoka zoezi moja hadi jingine ni mwelekeo wa kipande, yaani nani anamtaka nani, nani anamwogopa nani, na mambo yamalizike vipi. Maneno huyapata hapohapo.

Fabian anatumia mfano huu kutetea nadharia yake kwamba utamaduni hauwezi kuelezwa wote kwa njia ya maswali na majibu. Sehemu yake hujulikana pale tu watu wanapoutenda, na mtafiti hana budi kuwa mshiriki katika utendaji huo. Nadharia hiyo imejadiliwa sana na wataalamu wa fani yake. Sisi tunakisoma kitabu kwa jicho la walimu wa fasihi, na tunaona kwamba kimetuonyesha mambo matatu ambayo kipindi cha kati ya mchezo na mchezo hutengeneza.

La kwanza ni mhusika. Mufwankolo ni jina la jukwaani la kiongozi wa kundi, na ndilo lililokuwa jina la kundi zima. Katika tamthilia iliyoandikwa, mhusika huzaliwa katika onyesho la kwanza na hutoweka kitabu kinapofungwa. Kwa kundi la aina hii, jina hudumu kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Huyu akionekana, hadhira huwa imeshajua nusu ya tabia yake, nayo huanza kucheka au kuhofu kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo uchambuzi wa wahusika unaoishia ndani ya mchezo mmoja hautoshi. Mhusika huyu analelewa pia nje ya mchezo, katika miezi ambayo watu humwita kwa jina hilo na yeye akaitika.

La pili ni kusikilizana. Uigizaji wa papo kwa papo huwapendeza watazamaji kwa sababu unaonekana mwepesi, lakini unahitaji watu wanaojuana sana. Nikikosea, wewe ulifunike kosa langu. Nikirefusha, wewe ukate. Nikianza utani usio na mwisho, wewe unipe mwisho. Haya hayafundishwi kwa wiki mbili kabla ya onyesho. Ni matunda ya kukaa pamoja muda mrefu bila haraka, kwa jumuiya ileile ya watu.

La tatu ni lugha, nalo linatugusa sisi moja kwa moja.

Kiswahili cha mazoezini

Kiswahili cha Lubumbashi kina taratibu zake. Kiambishi wa- cha ngeli ya watu huwa ba-, hivi kwamba watu ni bantu. Tendo la mazoea huonyeshwa kwa -ka mwishoni mwa kitenzi, mahali ambapo Kiswahili sanifu kina hu- mwanzoni. Kifaransa huingia na kutoka katika sentensi bila kubisha hodi. Mwalimu anayekifungua kitabu cha Fabian kwa mara ya kwanza hujikuta akitafuta kalamu nyekundu, na hilo lilinipata mimi pia.

Lakini ukisoma kurasa za mazoezi kwa utulivu unagundua kwamba lugha hii ina daraja nyingi. Namna waigizaji wanavyozungumza wakipanga kazi si namna wanavyozungumza wakishakuwa mtemi na raia wake. Unyenyekevu, vitisho, maapizo na methali vina sauti zake. Kwa maneno mengine, wanayo rejesta, dhana tunayoifundisha mwaka wa pili kwa mifano ya hospitalini na mahakamani. Mfano ulio hai kuliko ya kwetu umekuwa ukitusubiri katika kitabu cha 1990, nasi hatuutumii kwa sababu sarufi yake si ya kwetu.

Hapa inafaa kulinganisha na Kamĩrĩthũ, kule Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji na wafanyakazi wa huko walitayarisha Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigĩkũyũ ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani. Kwa mujibu wa maelezo ya Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe katika Decolonising the Mind (1986), wakulima na wafanyakazi waliisahihisha lugha ya mswada: mzee hasemi hivi, kijana hamjibu mkubwa hivi. Huko wasomi ndio waliosahihishwa. Serikali iliufuta ruhusa mchezo huo mwezi Novemba 1977. Mwaka 1982, mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, uliponyimwa nafasi katika Jumba la Maonyesho la Taifa mjini Nairobi, watu walimiminika kutazama mazoezi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mazoezi yenyewe yakawa ndiyo onyesho. Walioogopa mchezo huo hawakusubiri siku ya ufunguzi. Walitambua kwamba kazi ilikuwa tayari inafanyika.

Upungufu wa kitabu

Pamoja na sifa zote hizo, tuna lawama mbili kwa kitabu cha Fabian.

Kwanza, safari anayotuonyesha ni ile inayoelekea kwenye onyesho. Tunaanza na msemo, tunapita mazoezini, tunaishia mbele ya kamera. Kila mazungumzo tunayoyasoma yana mahali yanakokwenda. Aidha, mgeni mwenye kinasa sauti ndiye aliyeleta swali, na kuwapo kwake kulikuwa sababu mojawapo ya watu kukusanyika. Fabian hafichi jambo hilo. Analifanya kuwa sehemu ya hoja yake, na tunamheshimu kwa uaminifu huo. Lakini zile wiki ambazo hakuna msemo, hakuna mgeni na hakuna tarehe ya kurekodi, hatuzioni kwa ukaribu uleule. Nani alikuja mazoezini siku ambayo hapakuwa na cha kuzoeza? Nani aliacha kuja?

Pili, maelezo yote ya kitabu ni ya Kiingereza. Maneno ya Kiswahili yamechapishwa kwa ukamilifu, jambo ambalo watafiti wengi hawalifanyi, lakini anayetaka kujua yana uzito gani hana budi kupitia lugha nyingine. Mwanafunzi wetu wa Kiswahili anasoma maigizo ya Kiswahili kwa miwani ya Kiingereza. Lawama hii haimwendei Fabian peke yake. Tangu 1990 imepita zaidi ya miaka 30, na idara zetu zina uwezo wa kuandika sherehe ya Kiswahili juu ya matini hizo.

Wiki zisizo na mchezo

Wiki hizo ambazo kitabu hakituonyeshi, sisi tulioishi karibu na vikundi vidogo hapa Uganda tunazijua kwa macho. Kikundi hakina mchezo, lakini kina sanduku la maleba ambalo lazima lilale mahali pasipo mchwa. Mmoja anasherehesha harusi Jumamosi, mwingine anaweka sauti yake katika matangazo ya redio, wa tatu anafundisha shule ya msingi wimbo wa mashindano. Wakiitwa na shirika, wanatunga mchezo mfupi wa uhamasishaji juu ya malaria au usafi wa maji, wanaucheza sokoni, wanalipwa nauli na soda. Kazi hizo zinawaweka hai, na wakati huohuo zinawachosha, kwa maana mchezo wa shirika huja na ujumbe uliokwisha kuamuliwa. Mwigizaji aliyecheza ujumbe wa wengine kwa miaka mitano huanza kusahau namna ya kuuliza swali lake mwenyewe.

Historia yetu ina mifano ya njia mbili tofauti. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha kundi la maigizo la kusafiri, ambalo lilizunguka Uganda na Kenya likicheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano, lakini ilitegemea likizo za wanafunzi: chuo kikifunguliwa, kundi linakwenda darasani. Robert Serumaga alichagua njia nyingine. Baada ya kuanzisha Theatre Limited mwishoni mwa miaka ya 1960, alijenga kundi la Abafumi, ambalo waigizaji wake walifunzwa mwili na sauti kwa muda mrefu kama kundi la kudumu. Hizo zilikuwa nyakati za Idi Amin, ambapo neno moja liliweza kumgharimu mtu maisha. Byron Kawadwa, mtunzi na kiongozi wa maigizo, aliuawa mwaka 1977 muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos. Serumaga alikuwa ametunga Renga Moi mwaka 1972 na Amayirikiti mwaka 1974, kazi zinazosema kwa mwili na ngoma, na hii ya pili karibu haina maneno kabisa. Kundi linalokutana siku za onyesho tu lisingeweza kuicheza. Ukimya kama ule unahitaji watu waliozoeana.

Kalamu nyekundu

Sasa nitoe ushahidi wangu, nikiacha kwa muda nafsi ya wingi inayotumika katika uhakiki.

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, wanafunzi wetu huandaa igizo kila mwaka. Igizo huchezwa, wageni hupiga makofi, picha hupigwa, na mambo huisha hadi Julai nyingine. Mwaka 2023 mambo hayakuisha. Watu wanane, watano wakiwa wamekwisha kuhitimu, waliendelea kuja kila Jumamosi alasiri katika chumba kimoja cha mihadhara. Waliniomba niwe mlezi wao. Nilikubali kwa furaha.

Jumamosi za kwanza sikuelewa walichokuwa wakifanya. Walikunywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa ya mmoja wao. Walisimuliana mambo ya wiki. Mmoja alimwigiza kondakta wa taksi, mwingine akamjibu kama abiria, wakacheka, wakaacha. Niliwauliza mara mbili au tatu, "Mchezo wenu ujao ni upi?" Wakanijibu kwa adabu, "Bado, mwalimu."

Baada ya miezi miwili kipande kilianza kushika. Kilikuwa cha watu watatu ndani ya taksi moja iliyokwama kwenye msongamano: kondakta wa Kampala, mwanajeshi aliyestaafu, na mama mkimbizi kutoka Bunia. Watatu hao hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiswahili, na kila mmoja alikuwa na chake. Mwanajeshi aliuliza, "Wewe nafanya nini hapa?" Yule mama alilalamika kwamba "batu ya hapa banasemaka sana." Kondakta alichanganya Kiluganda na amri alizozisikia kwa askari. Walielewana vibaya, wakagombana juu ya chenji, na mwishoni, kwa sababu ya kutoelewana kulekule, yule mwanajeshi akajikuta akisimulia jambo alilolifanya Kongo ambalo hakukusudia kulisimulia. Mama alinyamaza. Na sisi tuliokuwa tukitazama tulinyamaza.

Niliwaomba wakiandike. Walikiandika kwa shida, nami nikaichukua karatasi nyumbani na kuisahihisha. "Unafanya nini hapa?" "Watu wa hapa husema sana." Nilirudisha kurasa sita zenye wino mwekundu, na juu yake nikawapa nakala ya tamthilia moja iliyochapishwa, nikiwashauri waicheze hiyo kwanza ili wajifunze muundo. Walijaribu kipande chao kwa maneno yangu mara moja. Watu watatu wa ndani ya taksi walikuwa wamegeuka kuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi. Mwanajeshi hakuwa tena na sababu ya kuteleza ulimi, kwa sababu kila mtu alimwelewa kila mtu.

Hawakulalamika. Jumamosi iliyofuata walikuja watano, iliyofuata watatu. Wakati huohuo suala la ufunguo wa chumba lilifika katika kikao cha walimu. Tuliuliza, "Kikundi hicho kina mchezo gani?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakina, na mimi ndiye niliyelitoa. Ufunguo ukarudi ofisini. Hakuna mtu aliyefanya hila. Kila mmoja wetu alifuata kanuni. Lakini kazi bora ya Kiswahili niliyoiona katika miaka yangu ya kufundisha ilikufa katika chumba chetu, na sikuielewa hadi niliporudia kukisoma kitabu cha Fabian muhula uliopita nikakuta humo watu wakinywa, wakibishana, wakijaribu na kuacha, na mtu akiwa na busara ya kutowaharakisha.

Tunachopendekeza

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, mwalimu wa Kiswahili asisahihishe tena? La hasha. Ni wajibu wetu kufundisha Kiswahili sanifu, na katika nchi kama yetu, ambako Kiswahili kinaingia shuleni kwa kasi na walimu ni wachache, wajibu huo ni mzito. Insha itasahihishwa. Barua ya kikazi itasahihishwa. Lakini mhusika wa mchezo hapaswi kupewa ulimi wa mwalimu. Tunapouhakiki mchezo, swali la kwanza liwe: je, mtu huyu angesema hivi? Swali hilo waliliuliza wakulima wa Kamĩrĩthũ, na waigizaji wa Lubumbashi walilijibu kwa vitendo. Ni swali la kitaalamu, tena gumu kuliko la upatanisho wa kisarufi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa idara. Kwanza, matini za mazoezi zilizomo katika kitabu cha Fabian ziingizwe katika somo la tamthilia, zisomwe sambamba na tamthilia zilizochapishwa, na wanafunzi wapewe zoezi la kulinganisha zoezi moja na kipande kilekile kilivyorekodiwa. Pili, wanafunzi wa isimu jamii wasaidiane na wa fasihi kuandika maelezo ya Kiswahili juu ya matini hizo, ukurasa kwa ukurasa. Hiyo ni kazi ya mradi inayowezekana kwa gharama ndogo.

Tatu ni suala la ufunguo. Muhula huu kikundi kingine cha watu saba kimeomba chumba kwa siku za Jumamosi, na ombi lao litajadiliwa katika kikao kijacho. Katika fomu kuna mahali pa kujaza jina la mchezo. Wameacha wazi. Ninawaomba walimu wenzangu wasiihesabu nafasi hiyo kuwa kasoro ya ombi. Chumba hicho hukaa kitupu tangu saa nane mchana hadi jioni, na kabati la nyuma linatosha kwa sanduku moja la maleba.

Hitimisho

Kitabu cha Fabian kimedumu kwa sababu mtunzi wake alikubali kwamba mazungumzo ya waigizaji wasio na mchezo bado yalistahili karatasi na wino. Upungufu wake ni kwamba mazungumzo hayo tayari yalikuwa yamepata njia ya kuelekea jukwaani. Kazi ya kuzitazama wiki ambazo njia hiyo haijapatikana imebaki kwetu tunaoishi jirani na vikundi hivyo, na tunayo nafuu ambayo Fabian hakuwa nayo: hatuna ndege ya kuwahi.

Wasomaji wenye uzoefu wa kulea vikundi vya aina hii vyuoni na shuleni wanakaribishwa kutuandikia, hasa wale ambao vikundi vyao vilivunjika. Kwa upande wangu, zile kurasa sita bado ninazo. Nimemtafuta yule binti aliyecheza mama wa Bunia, nikamwomba anisomee tena maneno yake kama alivyoyasema mara ya kwanza. Ameniambia kwamba mengi ameyasahau, lakini wakikutana wote watatu huenda yakarudi. Ameniuliza kama chumba bado kipo.